Kutoka Amri hadi Ridhaa: Washiriki wa Utafiti wa Afya Ufipa

Hakuna utafiti wa afya bila mtu anayetoa damu yake, anayekubali mwanawe apimwe au anayejibu maswali kuhusu mambo ya nyumbani kwake, na katika uwanda wa juu wa Ufipa, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, historia ya kuwapata watu hao ni historia ya amri iliyogeuka polepole kuwa ombi.

Mwaka 1906 na 1907 daktari Mjerumani Robert Koch aliwajaribia wagonjwa wa malale wa visiwa vya Ssese, Uganda, atoksili, yaani dawa yenye sumu ya aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Hata hivyo kampeni ya Wajerumani dhidi ya malale ilienea hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako watumishi Waafrika walipita vijijini wakipapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba, na aliyekutwa nazo alichomwa sindano ili majimaji ya tezi yatazamwe kwa hadubini, kisha akatakiwa kwenda kambini. Tiba na jaribio vilikuwa kitu kimoja, wala ridhaa ya mgonjwa haikuwa sharti.

Njia nyingine ilionekana Karema, kwenye mwambao huohuo, ambako kuanzia 1889 hadi kifo chake mwaka 1956 aliishi Adrien Atiman, katekista na tabibu aliyetekwa na kutiwa utumwani Afrika Magharibi, kisha akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta na Wamisionari wa Afrika. Watu walimzoea kwa zaidi ya miaka 60, na jina lake limepewa hospitali mjini Sumbawanga. Imani ya namna hiyo haipatikani kwa barua ya serikali.

Palipokosekana imani hiyo palizaliwa habari za mumiani, wanaodhaniwa kunyonya damu za watu, ambao ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, waliitwa banyama. Si haki kuzidharau habari hizo, kwani zilienea miongoni mwa watu waliotolewa damu wasijue inakwenda wapi.

Azimio la Helsinki la 1964 lilipoweka misingi ya kimataifa ya kumlinda anayefanyiwa utafiti, na Bunge la Tanzania lilipounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mwaka 1979, ridhaa ilianza kupata ulinzi wa kitaasisi. Ridhaa maana yake ni kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa lengo, faida na madhara, pamoja na haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu, na asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi. Mtafiti hupitia kwanza mkoani, kwenye halmashauri, kwa mtendaji na kwa mwenyekiti wa kitongoji, lakini kibali cha hao ni hodi tu, si ridhaa. Ufipa ina sababu yake ya kulikumbuka hilo: mwanzoni mwa miaka ya 1960 vuguvugu la Kamcape la kufichua wachawi, ambalo mwanaanthropolojia Roy Willis aliliandikia makala mwaka 1968, liliwataka wanakijiji wote watumie dawa, na aliyekataa alishukiwa. Kijiji kikishaitikia kwa sauti moja, mnyonge hukosa pa kusemea hapana.

Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Rukwa, mkoa ulimo uwanda wa Ufipa, walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, na ule wa 2022 ukakuta takribani asilimia 50, katika mkoa unaolisha wengine kwa mahindi yake. Takwimu hizo zilitokana na akina mama walioruhusu wachanga wao walazwe juu ya ubao wa kupimia, miguu ikinyooshwa huku wakilia. Mama hao wanastahili kusomewa majibu katika mkutano wa kijiji chao, kwa lugha wanayoielewa, kabla mtafiti mwingine hajapiga hodi.