Uta wa kuwinda: usichague ratili usizozimudu

Kwetu Pwani uta si kitu kigeni. Waata wa upande wa Tsavo walisifika kwa uta mzito na mishale ya sumu iliyoangusha hata ndovu. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hivyo haya nawaandikia ndugu zetu tulio nao Marekani, ambako kulungu huwindwa kwa uta, kwa kibali na kwa msimu wake.

Uta wangu wa kwanza ulikuwa wa ratili 55. Dukani niliuvuta mara mbili nikajiona shujaa. Msituni, baada ya saa mbili za baridi, kulungu alisimama hatua 20 mbele yangu na mkono ukatetemeka kabla upote haujafika shavuni. Mshale ulimpata nyuma ya mbavu. Tulimtafuta hadi usiku, tusimpate. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Sasa natumia uta wa rikavu wa mfumo wa ILF. Unafunguka vipande vitatu: raiza, yaani kipande cha kati chenye mshikio, na mikono miwili, wa juu na wa chini. Mikono ya kampuni moja huingia kwenye raiza ya kampuni nyingine, mradi zote ni za mfumo huo.

Raiza: Ya mashindano kwa kawaida ni inchi 25. Ya kuwinda huwa fupi, inchi 17 hadi 21, ili uta usinase matawini. Raiza ya 19 ikifungwa mikono ya urefu wa wastani hutoa uta wa inchi 62. Ukiwa na mvuto mrefu, uta mfupi mno utakubana vidole.

Mikono: Ratili zilizoandikwa hupimwa kwa mvuto wa inchi 28, mara nyingi kwenye raiza ya 25. Kwenye raiza fupi, mikono ile ile huwa mizito zaidi. Nawe ukivuta kupita inchi 28, kila inchi huongeza kama ratili mbili. Basi upime uta wako kwa mizani, usitegemee maandishi.

Boliti: Zipo mbili, moja kwa kila mkono. Kuzikaza au kuzilegeza hupandisha au kushusha uzito kidogo. Uta wa ratili 40 hubadilika kama ratili mbili kila upande. Zizungushe sawasawa, na usilegeze kupita kiwango cha mtengenezaji, mkono usije ukachomoka.

Ushauri wangu: nunua raiza nzuri mara moja, uanze na mikono ya ratili 30 au chini yake, ujifunze kulenga. Mwili ukizoea, badilisha mikono tu. Majimbo mengi yana kima cha chini cha kuwindia kulungu, na ratili 40 hutajwa sana. Soma sheria ya jimbo lako.

Kabla ya kuingia msituni, kaa kitini, vuta, shikilia kwa hesabu ya kumi. Mkono ukitetemeka, uta huo bado si wako. Mshale uliolengwa vizuri, wenye chembe kali kama wembe, humaliza kazi haraka kuliko nguvu usizoweza kuzishika.