Vocha ya malezi kwa wafanyakazi wachache: tulivyochagua hapa Bura

Kabla mtu hajauliza, nazungumzia Bura ya Taita Taveta, ile iliyo kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, si Bura ya Tana River. Nina hoteli ndogo ya chakula hapa. Wafanyakazi ni saba, wanne kati yao wanawake, na jiko linawashwa saa kumi na moja alfajiri kwa sababu abiria wa matatu za kwanza hawangojei uji.

Asubuhi moja mpishi wangu wa mahamri alikuja kazini na mtoto wa miezi tisa mgongoni. Siku zote mtoto huyo alikuwa akiachiwa dada yake wa miaka minane, na mwalimu alikuwa ameshatuma ujumbe kuuliza mbona msichana haonekani shuleni. Mafuta yanachemka, mtoto yuko mgongoni. Nilimwambia arudi nyumbani. Wateja walikosa mahamri siku hiyo, yeye alikosa malipo ya siku, na jioni nikajiuliza nimemsaidia nani.

Tangu hapo nimeuliza sana habari za mwajiri mdogo kuchangia malezi ya watoto wa wafanyakazi wake. Niliyoyapata nayaweka hapa kwa faida ya mwenye duka, karakana, saluni au shamba la watu watano mpaka ishirini.

Vocha yenyewe

Kwetu ukisema vocha, mtu anafikiria kadi ya simu ya kukwangua. Vocha ya malezi ni hati anayopewa mfanyakazi, na thamani yake inamlipa mlezi wa mtoto tu. Haibadilishwi kuwa pesa wala unga.

Binamu yangu aliyeko Uingereza alinishauri nitafute kampuni ya vocha. Huko kwa miaka mingi mwajiri aliweza kumpa mfanyakazi vocha za hadi pauni 55 kwa wiki badala ya sehemu ya mshahara, na kiasi hicho hakikutozwa kodi. Kampuni maalumu zilikuwa zikiuza vocha hizo kwa waajiri. Mpango huo ulifungwa kwa watu wapya Oktoba 2018, na sasa mzazi hufungua akaunti ambayo serikali huongeza pauni 2 kwa kila pauni 8 anazoweka. Sheria yetu ya kodi haina mpango wa namna hiyo. Vocha hapa utaitengeneza mwenyewe, kwa kadi na mhuri wa duka lako.

Si kwamba jambo lenyewe ni geni Kenya. Watafiti waliwagawia akina mama wa Korogocho, Nairobi, vocha za kulipia vituo vya kulelea watoto, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Waliopewa vocha walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa kazini kuliko wasiopewa, tofauti ya asilimia 8.5, na waliofaidika zaidi kwa hilo ni walioolewa. Wale wanaolea peke yao idadi yao kazini haikupanda sana, kwa kuwa walikuwa wakifanya kazi tayari, watake wasitake. Faida yao ilikuwa kupata kazi za saa chache zaidi bila mapato kupungua. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mpishi wangu. Alikuja kazini na mtoto kwa sababu hakuwa na nafasi ya kutokuja.

Haki za sheria si zawadi

Usianze kujisifu kwa vocha kabla hujatimiza ya sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na kumpa mama mapumziko ya kufanya hivyo yasiyozidi saa moja katika saa nane za kazi, nayo yahesabiwe kama muda wa kazi. Mimi nilikuwa sijui hili la pili. Tumetenga chumba kilichokuwa stoo ya mchele, kina kiti, maji ya kunawa na mlango unaofungwa.

Kumnyima mtu kazi kwa sababu ana mimba ni ubaguzi kisheria. Kwa hiyo yule anayefikiria kukwepa gharama za malezi kwa njia hiyo ajue anaenda wapi.

Pesa mkononi, chumba kazini, au kumlipa mlezi

Njia ni tatu, na nimejaribu mbili.

Ya kwanza ni kuongeza posho kwenye mshahara. Ndiyo nyepesi kwa mwajiri, na ndiyo niliyoanza nayo. Mwezi wa pili nikamwona yule msichana wa miaka minane njiani saa nne asubuhi na mtoto kiunoni. Nikamwita mama yake. Aliniambia, “Mama, sikukudanganya. Ile pesa nilimlipa mwenye duka, alikuwa amekataa kunikopesha unga tena.” Ningefanya hivyo hivyo. Pesa ikiingia nyumba yenye deni huenda kwa anayepiga hodi kwanza, na mtoto mchanga hapigi hodi.

Ya pili ni kufungua chumba cha watoto hapo hapo kazini. Kampuni kubwa kama Safaricom zinacho. Kwa watu saba haiwezekani, maana mshahara wa mlezi mmoja na chumba cha ziada utalea watoto wawili au watatu tu. Ingefaa kama waajiri watano wa kituo kimoja wangeungana. Nimewagusia majirani, na bado wanacheka.

Ya tatu ndiyo vocha. Mlezi yuko karibu na nyumbani kwa mfanyakazi, mzazi anamchagua mwenyewe, wewe unamlipa mlezi moja kwa moja kwa M-Pesa kulingana na siku ambazo mtoto alifika. Kila mzazi ana kadi ya mwezi yenye visanduku 31. Mtoto akipokelewa mlezi anatia sahihi kisanduku cha siku hiyo, mwisho wa mwezi kadi inarudi kwangu, nahesabu na kutuma. Kadi moja hukaa kwa mzazi, nakala kwa mlezi, ili kusiwe na ubishi.

Hili la kulipa kwa siku liangalie vizuri. Mtoto akiugua siku nne mlezi hapati kitu, naye amemwekea nafasi. Tumekubaliana nimlipe nusu kwa siku ambazo hakufika kwa ugonjwa. Kabla ya hapo mlezi mmoja alikuwa akiwapokea watoto wenye homa ili asikose malipo, na lawama hiyo niliichukua mimi kwa kupanga vibaya.

Hesabu na KRA

Tuseme mlezi anatoza shilingi 100 kwa siku, siku 26. Ni 2,600 kwa mwezi, 31,200 kwa mwaka. Ukiitoa kama pesa taslimu ni sehemu ya mshahara, na makato yanaifuata: SHA asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, jumla shilingi 110.50 kutoka kwa mfanyakazi, na wewe unaongeza shilingi 39 za nyumba. Bado NSSF.

Marupurupu yasiyo pesa taslimu hayatozwi kodi kwa mfanyakazi ikiwa jumla yake haizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Kiwango kilikuwa 36,000 mpaka sheria iliporekebishwa Desemba 2024. Mtoto mmoja kwa hesabu ile yumo ndani. Watoto wawili ni 62,400, wamepita, na kumbuka hesabu hiyo inajumlisha marupurupu yote anayopata, si vocha peke yake. Anayepata chini ya 24,000 kwa mwezi kwa kawaida halipi PAYE, kwa hiyo wengi wetu huku jambo hili halitawagusa, lakini andika. Mapatano ya malipo yawe kati yako na mlezi, yawe kwenye karatasi, ili ionekane ni huduma umenunua.

Kama biashara yako iko kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3, gharama hii haikupunguzii kodi hata senti, maana kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo yote. Aliye kwenye kodi ya faida aulize mhasibu wake mapema habari ya eTIMS, kwa sababu mama anayelea watoto nyumbani hatakuwa na risiti hiyo.

Nani alee

Katiba ya 2010 imeweka elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto chini ya kaunti, kwa hiyo maswali ya kibali yapeleke kwa ofisi za kaunti. Chekechea huanza mtoto akiwa na miaka minne. Shida kubwa ni wa chini ya hapo.

Nilikwenda kuwaona walezi wote kabla ya kulipa, nikaenda saa ya uji bila kutangaza. Nilitazama watoto ni wangapi kwa mtu mzima mmoja, jiko liko wapi, choo kina mlango au la, maji yanahifadhiwaje, maana huku maji ni ya kungojea na pipa lililo wazi ni hatari kwa mtoto anayetambaa. Nilitazama pia umbali wa barabara, kwa ajili ya malori ya Taveta.

Bibi wa mtoto anakubalika. Nilibishana na mume wangu kwa hili, alisema bibi halipwi kulea mjukuu. Lakini bibi huyo aliacha vibarua vya shambani ili alee, na mtoto kwake ametulia kuliko kwa mgeni. Tunamlipa, naye anatia sahihi kadi kama wengine.

Jambo la mwisho ni saa. Walezi wengi hufungua saa moja asubuhi, na mimi nafungua kumi na moja alfajiri. Hakuna vocha inayoziba pengo hilo, tena njia za mashambani alfajiri huenda zina ndovu waliotoka Tsavo, si njia ya kupita na mtoto mgongoni. Ilibidi nibadilishe zamu. Wanaume wawili wanawasha jiko na kukanda unga, mpishi wangu anaingia saa moja na nusu. Mahamri sasa yanatoka saa mbili. Abiria wa matatu za kwanza wanakunywa uji na mkate, wamenung'unika wiki moja wakazoea, na yule msichana sasa yuko darasani.