Jina la Mahali katika Sentensi ya Kituruki

Aghalabu mfasiri hulipita jina la mahali bila kulitazama, akiamini kwamba jina halina tafsiri. Lugha ya Kituruki yaonyesha upungufu wa imani hiyo.

Mturuki atajapo mahali pa tendo, jina la mji hubeba kiambishi tamati. Husema İstanbul'dan Ankara'ya gidiyorum, yaani "ninakwenda Ankara kutoka İstanbul". Na İzmir'de oturuyorum, yaani "ninakaa İzmir". Kiambishi cha mahali huwa -de baada ya İzmir na -da baada ya İstanbul, kwa kuwa irabu yake huwiana na irabu ya mwisho ya jina. Katika maandishi, ritifaa hutenga jina na kiambishi. Kiingereza huweka kihusishi mbele ya jina. Kiswahili aghalabu huliacha jina lilivyo: mtu huenda Mombasa, haendi "Mombasani", ingawa huenda mjini.

Neno hilo mjini ndilo ufunguo wa historia ya İstanbul. Jina hilo latokana na fungu la maneno ya Kiyunani, eis tin polin, lenye maana hiyo hiyo ya "mjini". Lilikuwa kauli ya kila siku kabla ya kuwa jina. Al-Mas'udi wa Baghdad, msafiri aliyefika Qanbalu katika mwambao wa Afrika Mashariki na kufariki mwaka 956, alikwisha kuitaja kauli hiyo karne tano kabla ya Waturuki kuuteka mji mwaka 1453. Sarafu na hati za dola ya Uthmaniya ziliendelea kuuita Kostantiniyye. Mwaka 1930 ndipo Jamhuri ya Uturuki ilipozitaka nchi za nje zitumie İstanbul. Forodhani ya Unguja ilizaliwa kwa njia iyo hiyo: kauli ya mahali iliganda ikawa jina. Hivyo katika İstanbul'da mna alama mbili za mahali, moja ya Kiyunani iliyokufa na moja ya Kituruki iliyo hai.

Walakini, si majina yote yaliyotoka vinywani mwa watu. Mwaka 1935 sheria iliunda mkoa wa Tunceli katika nchi ya Dersim, na miaka ya 1937 na 1938 majeshi ya serikali yaliwaua maelfu ya wakazi wake. Kisarufi, Dersim'de na Tunceli'de hazitofautiani: kiambishi ni kimoja, na kila sentensi ni sahihi. Kihistoria, msemaji amekwisha kuchagua. Mfasiri aandikaye Tunceli pale msemaji aliposema Dersim, kwa hoja kwamba ndivyo ramani isemavyo, amebadili ushahidi wa msemaji huku sarufi yote ikibaki salama.

Kwa hiyo yampasa mfasiri kukitafsiri kiambishi kwa kanuni za lugha anayoiandikia, na kuliacha jina kama lilivyotamkwa.