Makala na mashairi ya siasa Mombasa, kutoka Muyaka hadi Sauti ya Dhiki

Ninayo kanda moja iliyokuwa ya marehemu ami yangu. Ni mashairi ya 1992, mwaka ambao chama cha IPK kilinyimwa usajili na Mombasa ikawaka moto. Kuna mahali mshairi anamtaja kobe aliyeonekana juu ya mnazi, na watu waliokuwa barazani wanacheka hadi sauti ya kanda inapasuka. Ni nani huyo kobe? Wakati ule mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, na nilipopata akili ya kuuliza, ami alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nimewauliza wazee watatu. Nimepewa majina matatu.

Kanda hiyo ndiyo iliyonifanya nikae niyapange haya, kwa sababu vijana wengi huniuliza siasa zetu za zamani ziliandikwa wapi. Ziliandikwa kwa njia mbili, shairi na makala, na shairi ndilo lililotangulia.

Wa kwanza kumtaja ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyefariki yapata 1840. Aliishi Mombasa ya Mazrui, mji uliokuwa ukivutana na Sayyid Said wa Oman hadi utawala wa Mazrui ulipokwisha 1837. Kabla yake, mengi tuliyorithi kwa maandishi ni tenzi za dini. Muyaka akatunga juu ya vita, vyombo vya baharini, njaa, wanawake, marafiki walioasi na wakubwa wa mji. Hakuchapisha kitu. Beti zilikaa vifuani mwa watu na katika karatasi chache, mpaka mwisho wa karne ile Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipozikusanya pamoja na mmisionari William Taylor.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Sikujua hakuhifadhi beti peke yake. Alieleza pia shairi fulani lilitungwa kwa jambo gani, lilimjibu nani, na neno fulani la Kimvita cha kale lina maana gani. William Hichens alipoichapisha diwani 1940, na Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz alipotoa kitabu chake juu ya Muyaka 1979, walikuwa wakijenga juu ya kazi hiyo. Bila ya yule mwalimu, Muyaka angekuwa leo kama kobe wa ami yangu: twacheka kwa sababu wengine wanacheka.

Makala ilikuja baadaye, na aliyeikita mizizi ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), babake Profesa Ali Mazrui. Mwaka 1930 alianzisha karatasi iliyoitwa Swahifa, na 1932 gazeti la Al-Islah. Humo aliwasema Waislamu wa pwani bila kuwapaka mafuta: israfu za arusi na matanga, uvivu wa kutafuta elimu, kuwaiga Wazungu kwa mavazi na kuyaacha yaliyo na faida kwao, wasichana kunyimwa masomo. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu Uwongozi, na ukizisoma leo utaona haya, maana nyingi zingeweza kuchapishwa wiki hii bila kubadilishwa ila majina. Lugha yake ni ya mtu aliyekaa nawe sebuleni. Hafumbi. Alikuwa mwanachuoni, baadaye Kadhi Mkuu, na heshima hiyo ilimpa nafasi ya kusema wazi ambayo wengine hawakuwa nayo.

Abdilatif Abdalla hakuwa nayo. Alizaliwa Mombasa 1946, na mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika karatasi ya siasa yenye jina Kenya: Twendapi? Iliishutumu serikali ya KANU kwa kuuonea upinzani wa KPU na ikauliza nchi inapelekwa wapi. Ilikuwa nathari tupu, bila fumbo hata moja, na ilimfunga miaka mitatu, 1969 hadi 1972. Gerezani akarudi kwenye shairi. Alitunga kwa siri na kuandika kwenye karatasi za msalani, na mashairi hayo ndiyo Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa na Oxford 1973.

Diwani hiyo imo kwa Kimvita hasa, na ndani yake shairi limerudia kazi yake ya kale ya kusema na kuficha. Katika “Mnazi: Vuta n’kuvute” ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa kwamba ugomvi si wa madafu. Mwaka 1974 kitabu kikatunukiwa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye mwandishi alifungwa katika utawala wake. Mimi hili kila nikilikumbuka hucheka peke yangu. Wakati huo mwenyewe alikuwa ameshahamia Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili.

Leo mashairi ya siasa hayajakoma. Yamehamia kwenye simu. Kila uchaguzi tunarushiana sauti za WhatsApp zenye vina vilivyonyooka na mafumbo makali. Mengine, tuseme kweli, yamelipiwa na mgombea, na shairi la kulipiwa hulijua kwa wingi wa sifa. Lakini yako mazuri, na yanapotea kila mtu akibadilisha simu. Hata yanayobaki hayana tarehe, hayana jina la mtunzi, na hakuna anayeandika kobe ni nani.

Kwa hiyo, nawaomba wanaotunga na wanaopokea: likikufikia shairi zuri, liandike daftarini, uongeze mistari miwili ya nathari chini yake. Lilitungwa lini, kwa tukio gani, linamjibu nani. Kama jina la mtu lina hatari sasa, lifungie sandukuni, watoto watalifungua.

Na aliyekuwepo barazani Kibokoni mwaka ule wa 1992, akiwa bado anamkumbuka kobe, anitafute. Kahawa juu yangu, na kanda nitakuja nayo.