Theluthi ya Wasia Iliyozaa Mlinganyo

Miaka hii inatimia karne 12 tangu Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aandike, mjini Baghdad, kitabu chake cha al-jabr na al-muqabala, katika enzi ya Khalifa al-Ma'mun (813–833). Wamisri wa kale walishatafuta namba isiyojulikana zaidi ya miaka 2000 kabla yake, na alama ya = ilikuja baadaye sana, mwaka 1557, kwa mkono wa Robert Recorde. Lakini kazi ya kukusanya vitu vya aina moja, al-Khwarizmi ndiye aliyeipa utaratibu wa hatua kwa hatua.

Karibu nusu ya kitabu ni wasia na mirathi. Mtu amefariki, ameacha wana wawili, na amemuusia mtu baki theluthi ya mali. Ameacha dirhamu 10 taslimu, na alikuwa akimdai mwanawe mmoja dirhamu 10. Al-Khwarizmi hatumii x. Anaandika kwa maneno matupu, na kisichojulikana anakiita "kitu": kiasi kinachohesabiwa kutoka katika deni, ambacho ndicho fungu la mdaiwa. Mali basi ni 10 na kitu. Toa theluthi, gawa kilichobaki: kila mwana anapata 3⅓ na theluthi ya kitu, na fungu hilo ni sawa na kitu kizima. Ondoa theluthi ya kitu pande zote mbili. Theluthi mbili za kitu ni 3⅓. Kitu ni 5.

Friedrich Rosen, aliyechapisha tafsiri ya Kiingereza London mwaka 1831, aliyashutumu majibu mengi ya sehemu ya mwisho. Ukokotoaji hauna kosa, alisema, ila mwandishi anaingiza masharti yasiyomo katika swali, ili jibu lifuate sheria ya mafakihi. Mwaka 1938 Solomon Gandz alimjibu kwa makala ndefu katika jarida la Osiris: masharti hayo ni fiqhi yenyewe, na asiyeijua hawezi kumhukumu al-Khwarizmi. Gandz alisema haki. Kadhi yeyote wa Lamu au Unguja angemweleza Rosen hivyo hivyo.

Leo watoto wengi wa pwani, ambao mirathi ya jamaa zao ingali ikigawanywa kwa mafungu ya fiqhi hiyo, wanafundishwa milinganyo kwa "hamisha, badili alama", bila marehemu wala warithi. Ni hasara kubwa. Swali la wana wawili linafaa kidato cha kwanza lilivyo. Mwalimu abadilishe dirhamu tu ziwe shilingi.