Mtihani wa Kazi ya Serikali: Historia Yatufundisha Nini?

Vijana wetu wa Mulongo wakiisha kupata diploma zao huuliza swali moja: "Nifanyeje nipate kazi ya Serikali?" Majibu ni mengi. Mmoja husema: "Tafuta ndugu huko Kamina." Mwingine husema: "Tafuta fedha." Ni wachache wanaosema: "Jitayarishe kwa mtihani." Leo twataka kuitazama historia, kwanza ya nchi yetu, kisha ya nchi ya mbali, tuone ni jibu lipi lenye kweli.

Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, Wakongo wengi walifanya kazi za Serikali. Walikuwa makarani, wauguzi, watu wa posta. Kazi hizo zilikuwa na heshima, na wengine walizipata kwa masomo na mitihani. Patrice Lumumba, kwa mfano, alikwenda Léopoldville mwaka 1947 kusoma katika shule ya posta, akafaulu, akawa karani wa posta huko Stanleyville. Joseph Kasavubu alisoma seminari mpaka filosofia, akatoka, na mwaka 1942 akaingia ukarani katika idara ya fedha. Na huku kwetu alizaliwa Jason Sendwe, mtu wa Kabongo, mwaka 1917, akawa msaidizi wa waganga.

Lakini juu ya watu hao palikuwa na dari. Kasavubu alipanda mpaka cheo cha karani mkuu, na hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa njia kwa Mkongo. Sendwe aliweza kuwa msaidizi wa mganga, asiweze kuwa mganga mwenyewe. Kwa maana watumishi Wazungu walikuwa na sheria yao, na watumishi Wakongo yao, na hakuna mtihani uliomvusha mtu kutoka upande huu mpaka upande ule. Sheria moja kwa wote haikutolewa ila mwaka 1959.

Je, Wakongo walikosa akili ya kusoma? La! Padri Stefano Kaoze, mzaliwa wa Marungu, alipewa upadri mwaka 1917 baada ya kusoma miaka mingi, na ilipofika mwaka 1960 mapadri Wakongo walihesabiwa kwa mamia. Mahali mlango ulipofunguliwa na watu wakapewa muda wa kujitayarisha, walifika. Mahali mlango ulipofungwa, nani angejitayarisha, na kwa faida gani?

Basi tarehe 30 Juni 1960 uhuru ukaja. Mlango uliofungwa siku zote ukafunguka kwa ghafula. Katika kazi za juu za Serikali Wakongo hawakuzidi 3. Wenye diploma ya chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika 30. Siku chache baadaye, mwezi wa Julai, askari waliasi na maelfu ya Wabelgiji wakakimbia, wakiacha viti vitupu. Karani wa jana akaitwa leo kuongoza idara. Wengi walijitahidi kwa moyo, na twawaheshimu, lakini walijenga nyumba huku mvua inanyesha. Mwaka 1961 ilifunguliwa haraka huko Léopoldville Shule ya Taifa ya Sheria na Utawala, ili kufundisha watumishi. Étienne Tshisekedi, Mkongo wa kwanza kupata udaktari wa sheria nchini mwetu, mwaka ule ule, aliiongoza. Kazi ya shule ile ilikuwa njema, lakini matunda ya shule hayaivi kwa mwezi mmoja.

Hilo ndilo fundisho la kwanza: siku ya mlango kufunguka si siku ya kuanza kujitayarisha. Mwakumbuka wale wanawali kumi wa Injili. Taa walikuwa nazo wote. Mafuta ndiyo yaliyowakosa watano, na usiku wa manane hawakuweza kuyaazima.

Sasa twendeni mbali, mpaka China, kwa maana huko Serikali ilichagua wakubwa wake kwa mtihani kwa muda wa karibu miaka 1,300, mpaka desturi hiyo ilipofutwa mwaka 1905. Wanawake hawakuruhusiwa, na hiyo haikuwa haki. Lakini mtoto wa kiume wa mtu asiye tajiri aliweza kupanda mpaka baraza la mfalme.

Padri Matteo Ricci, Mjesuiti wa Italia, alipokaa katika mji wa Nanchang, aliandika mwaka 1596 kitabu kidogo juu ya kukumbuka, kwa ajili ya watoto wa gavana waliokuwa wakisomea mtihani. Mtoto mmoja alikisoma, kisha, kama tunavyosimuliwa, akasema kwamba kanuni zake ni za kweli, lakini mtu ahitaji kwanza akili kubwa ya kukumbuka ndipo aweze kuzitumia! Nasi twacheka, lakini neno lile ni zito. Hakuna dawa ya kufaulu pasipo kazi, hata ikitoka kwa mtu mwenye elimu kama Padri Ricci.

Rafiki yake Ricci aliijua kazi hiyo. Jina lake Xu Guangqi, aliyezaliwa Shanghai mwaka 1562. Mtihani wa kwanza aliushinda mwaka 1581. Wa pili ulimshinda mara kadha wa kadha. Akawa akifundisha watoto ili apate chakula, na usiku akisoma, mpaka alipofaulu mwaka 1597. Mwaka 1603 alibatizwa, akaitwa Paulo, na mwaka 1604 akaushinda mtihani wa juu kabisa. Je, alipopata cheo alikaa kula? Alitafsiri pamoja na Ricci kitabu cha jometri, akaandika juu ya kilimo, akawahimiza watu kupanda viazi vitamu ili njaa isiwaue. Kwake mtihani ulikuwa mlango tu. Kazi ilikuwa kuwatumikia watu.

Turudi Mulongo. Dari ile ya zamani haipo tena. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya watumishi wa Serikali yaweka mtihani wa mashindano kuwa njia ya kawaida ya kuingia. Shule ya Taifa ya Utawala huko Kinshasa, iliyoundwa mwaka 2013, nayo huchagua wanafunzi kwa mtihani, na binti zetu wana haki sawa na ndugu zao.

Twajua mtakavyojibu: "Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,000, na viti vimekwisha kugawanywa." Hatutawadanganya. Upendeleo upo, na rushwa ipo. Lakini fikirini: aliyenunua kiti chake atataka kurudishiwa fedha zake, na atakayezilipa ni mjane wa Lualaba anayekuja kutafuta karatasi ya mtoto wake. Tena, siku mtihani ukifanywa kwa haki, kijana asiyejitayarisha atamlalamikia nani?

Kwa hiyo, vijana, msingoje tangazo. Jikusanyeni watu wanne au watano, jioni mbili kila juma, penye taa. Andikeni ukurasa mmoja wa Kifaransa na kusahihishana bila kuoneana haya. Someni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu kwa kifungu, mpaka mweze kuieleza kwa Kiswahili na kwa Kiluba. Kwa maana asiyeweza kumweleza mama yake jambo hajalifahamu bado. Jifunzeni historia ya nchi, ramani yake na hesabu. Tengenezeni karatasi zenu mapema. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi wazazi, fedha ya mbuzi msimpe mtu anayejisifu kwamba "anawajua wakubwa". Nunueni vitabu na mafuta ya taa. Na kijana akishindwa mara ya kwanza, msimcheke. Paulo Xu alishindwa zaidi ya mara moja, na wakati ule wote wa kungoja alifundisha watoto wa wengine. Watoto wa kufundishwa hata hapa kwetu wapo.