Moshi wa mtihani na moshi wa barabarani

Kila nikisoma kwamba gari fulani limepimwa moshi na limefaulu, huwa najiuliza swali moja tu: lilipimiwa wapi? Ni swali dogo, lakini mwaka 2015 lilimng'oa bosi wa Volkswagen. Hebu tuanzie mbali kidogo.

Miaka ya 1940 jiji la Los Angeles lilikuwa likifunikwa na ukungu mchafu, watu wanawashwa macho mchana kweupe. Wengi walivilaumu viwanda. Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza harufu ya mananasi, akaonyesha kuwa oksidi za nitrojeni na mvuke wa petroli vikipigwa na jua huzaa ozoni. Na vitu hivyo vilitoka kwa wingi kwenye magari. Wenye biashara ya mafuta wakampinga.

Haya, adui kajulikana. Utamhesabu vipi? Mwaka 1954 Bernard Saltzman alitangaza dawa ya maji inayogeuka nyekundu ukiipitishia hewa yenye nitrojeni dioksidi. Wekundu ukikolea, ujue gesi imezidi. Kuanzia miaka ya 1970 zikaja mashine: nitriki oksidi ikikutana na ozoni hutoa mwanga hafifu, na mwanga huo ndio unaopimwa.

Tatizo ni kwamba magari ndiyo yaliyopelekwa kwenye mashine. Magurudumu yanazunguka juu ya rola, usukani hauguswi, mwendo ni wa ratiba ileile kila siku. Mtihani ambao maswali yake yanajulikana miaka nenda rudi! Mwanafunzi gani atafeli?

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walifanya kinyume: mashine ikaingia garini. Walichukua magari matatu ya dizeli, wakapakia vipimo na jenereta nyuma, wakaingia barabarani. Moja, Volkswagen Passat, walilipeleka kutoka Los Angeles hadi Seattle na kulirudisha.

Kwenye maabara ya California, ambayo wakati huo ilikuwa na jina la Haagen-Smit mwenyewe, Passat ile na Jetta zilifaulu. Barabarani Jetta ilitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 35 ya kiwango, Passat hadi mara 20. Je, vipimo vilikuwa vibovu? Hapana, maana gari la tatu, BMW, kwa sehemu kubwa ya safari lilikaa ndani ya kiwango.

Ripoti ilitoka Mei 2014. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani ikaweka siri hadharani: ndani ya magari ya Volkswagen kulikuwa na programu inayotambua kwamba gari liko kwenye mtihani, kwa kuangalia hata usukani, kisha inabana moshi. Mtihani ukiisha, inaachia. Kampuni ikakiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika, na Martin Winterkorn akajiuzulu ndani ya wiki moja. Septemba 2017 Ulaya ikaanza kudai aina mpya za magari zipimwe pia barabarani.

Wandugu, mashine za maabara hazikusema uongo hata siku moja. Zilipima kwa usahihi moshi ambao hakuna aliyeuvuta. Mtoto anayesubiri kuvuka barabara anavuta ule mwingine. Ndiyo maana sisi waandishi tukipewa takwimu ya moshi, tusiinakili kabla ya kuuliza kipimo kilikuwa wapi, na nani alichagua mahali hapo.